Kuitembelea Dar es Salaam kwa Miguu: Tathmini ya Vivutio vya Katikati ya Jiji na Vilivyo Nje Yake

Wageni wengi wanaofika Dar es Salaam huipita tu. Ndege hutua usiku, asubuhi mgeni hupelekwa bandarini kupanda boti ya Unguja au hurudishwa uwanjani kuelekea mbuga za kaskazini, na jiji lenye wakazi zaidi ya milioni 5.3 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022 hubaki kuwa foleni aliyoiangalia kupitia kioo cha gari. Sisi wenyeji nasi hatuko mbali na hali hiyo, kwani wapo watu waliozaliwa Temeke au Kinondoni, wakasoma na kufanya kazi humu humu, ambao hawajawahi kuingia Makumbusho ya Taifa tangu safari ya darasa la tano. Tathmini hii inawahusu wote wawili, mgeni na mwenyeji, na rai yangu ni kwamba sehemu bora ya kutazama katika jiji hili ni eneo dogo la kati linaloanzia Feri hadi Kariakoo, ambalo mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kulitembea kwa miguu ndani ya siku moja, na ambalo lina mambo mengi zaidi ya kumfundisha kuliko fukwe na maduka makubwa yanayotangazwa kila mahali.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Kivukoni, na usafiri unaofaa kwa anayetoka upande wa Kimara, Ubungo au Magomeni ni mwendokasi, ambao ulianza kutoa huduma mwaka 2016 na ambao njia yake ya kwanza inaishia hapo hapo karibu na pantoni. Faida yake ni kwamba mabasi hayo yana njia yao peke yao, kwa hiyo yanaiacha pembeni foleni ya Barabara ya Morogoro. Hasara yake ni msongamano wa asubuhi na jioni, wakati ambapo kupata nafasi ya kusimama tu huwa ni kazi, hivyo anayekwenda kutembea bila haraka ya ofisini afadhali aondoke alfajiri kabisa au asubiri hadi baada ya saa tatu. Mimi hupendelea alfajiri, kwa sababu ya soko la samaki.

Soko la samaki la Feri ndilo tukio la bure lililo bora kuliko yote katika jiji. Mashua na ngalawa huwa zimerudi kutoka baharini, samaki hutandazwa, na madalali hunadi kwa sauti mafungu ya changu, jodari, nguru, pweza na ngisi, huku wachuuzi wa mitaani, wenye migahawa na akina mama wanaokaanga samaki wakishindania bei kwa ishara ambazo mgeni hawezi kuzifuata mpaka ameelezwa. Asiyenunua hakatazwi kutazama, mradi asisimame katikati ya njia ya wabeba mizigo, wala asimpige mtu picha bila kumwomba ruhusa. Ardhi huwa imelowa maji na magamba, kwa hiyo viatu vya kufunika vinahitajika. Mnada huchangamka tangu alfajiri hadi kama saa tatu asubuhi. Baada ya hapo kinachobaki ni soko la kawaida, zuri kwa mnunuzi lakini halina tena ile kasi. Anayetaka kifungua kinywa atapata supu ya pweza au samaki wa kukaanga kwa wauzaji wa papo hapo, na sijaona mgahawa wa mjini unaoweza kushindana na samaki aliyetoka majini saa hiyo hiyo.

Kabla ya kuondoka Feri, napendekeza kuvuka kwa pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Nauli ya mtu anayetembea kwa miguu imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi, na kwa fedha hiyo ndogo mtu hupata kuitazama sura ya jiji kutoka majini: lango jembamba la bandari, minara ya makanisa, majengo marefu mapya yaliyojipanga nyuma yake na meli zinazosubiri zamu. Kivuko hiki kinabeba wafanyakazi, wanafunzi, magari na mikokoteni, na hakikuwekwa kwa ajili ya utalii. Ndiyo maana kinamwonyesha mgeni maisha ya jiji yalivyo bila mapambo. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, limepunguza magari yanayotegemea pantoni, lakini kwa mtembea kwa miguu njia ya majini bado ndiyo ya haraka. Tahadhari moja ni ya lazima: Ikulu iko jirani kabisa na Feri, na kuipiga picha, pamoja na maeneo ya bandari na ya kijeshi, hairuhusiwi. Kamera na simu ziwekwe chini sehemu hiyo, hata kama nia ni njema.

Ukiitazama bandari ukiwa pale, historia ya jiji inajieleza yenyewe. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, kwa sababu ya maji haya yaliyotulia na yenye kina, yaliyokingwa na upepo wa bahari kuu. Alifariki mwaka 1870 kabla mji haujasimama, na majengo yake mengi yakaachwa yakaanguka. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilifungua kituo chake hapa mwaka 1887, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo, kwa sababu ile ile ya bandari. Bagamoyo ni pwani ya maji mafupi, nzuri kwa majahazi lakini isiyofaa kwa meli za stimu. Ndiyo maana katika mwendo mfupi wa Kivukoni na Barabara ya Sokoine mtu anakutana na tabaka tatu za mji huo: wa Sultani, wa Mjerumani na wa Mwingereza, pamoja na mji wetu wa baada ya Uhuru uliojengwa juu yake na pembeni yake.

Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililokamilika mwaka 1902, ndilo jengo linalopigwa picha kuliko mengine, na linastahili. Vigae vyake vyekundu na mnara wake vinaonekana tangu mtu akiwa katikati ya maji, na ukilikaribia unagundua kwamba wajenzi walilifikiria jua la pwani: juu ya madirisha kuna vijipaa vya vigae vinavyozuia mvua na mwanga mkali, jambo ambalo majengo mengi ya vioo yaliyojengwa jirani katika miaka ya karibuni yamelisahau. Hatua chache mbele liko Kanisa Kuu Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, lenye paa refu la mtindo wa kigothi na vioo vya rangi nyuma ya altare. Yote mawili ni nyumba za ibada zinazotumika kila siku na zenye waumini wao, kwa hiyo mtazamaji aingie kwa utulivu, avae mavazi ya heshima na aepuke saa za misa na ibada, hasa Jumapili asubuhi. Nikilazimishwa kuchagua moja, nitachagua Mtakatifu Yosefu kwa ndani na Azania Front kwa nje.

Mbele kidogo, kwenye makutano ya Barabara ya Sokoine na Barabara ya Morogoro, lipo Boma la Kale, mojawapo ya majengo machache yaliyosalia kutoka enzi ya Sultani Majid. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ndani kuna ubaridi hata mchana wa Januari, na mlango wake ni wa mbao za kuchongwa kama ile ya Unguja. Karibu yake kuna jengo jingine la enzi hiyo linaloitwa Atiman House, ambalo wapita njia wengi hawalitupii jicho. Jina lake linamkumbuka Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, kisha akatibu watu kwa maisha yake yote Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi alipofariki mwaka 1956. Jengo la zama za Sultani, katika mji uliokusudiwa kupokea misafara ya bara, leo linabeba jina la mtu aliyewahi kuuzwa. Ningependa kila kundi la wanafunzi linalopitishwa hapo lisimame na kuelezwa habari hiyo.

Kutoka hapo mtu apande Barabara ya Azikiwe hadi Barabara ya Samora, ambako katika mzunguko wa magari amesimama yule Askari wa shaba, akiwa ameinama mbele na singe yake ikielekea bandarini. Sanamu hii ilizinduliwa mwaka 1927 na ilichongwa na James Alexander Stevenson kwa ajili ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu, kwa kuwa ndio waliobeba chakula na risasi mahali ambapo hapakuwa na reli wala barabara, na wanyama wa mizigo walikuwa wakifa kwa mbung'o. Maandishi kwenye msingi wa sanamu yapo kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, na kwa Kiingereza. Yanasema kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao, ilhali hakuna jina hata moja lililoandikwa pale. Nimeona watu wakipiga picha pale na kuondoka ndani ya dakika moja. Ninawasihi wazunguke pande zote, wasome na watazame michoro ya shaba iliyo ubavuni.

Mahali hapo hapo, kabla ya vita, palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi ya Kijerumani kuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri. Waingereza waliiondoa walipoutwaa mji, ikaishia Hamburg, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Kwa mtu anayependa kuelewa jinsi mamlaka yanavyotumia viwanja vya miji kujisimulia, mzunguko huu mmoja una somo la siku nzima.

Ukielekea mashariki kwa Samora unaifikia Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893 na Franz Stuhlmann ili kujaribu mimea ya kibiashara iliyoletwa kutoka sehemu nyingine za dunia. Siku hizi ni ndogo kuliko ilivyokuwa, lakini kivuli chake ni kizito na tausi hutembea humo bila kumwogopa mtu. Humo umo pia mnazi wa Shelisheli wenye mbegu kubwa kuliko mbegu ya mmea mwingine wowote. Hapo ndipo pa kupumzika saa sita mchana, wakati jua la Dar es Salaam halimtakii mtu mema.

Jirani yake, kwenye mtaa unaobeba jina la Shaaban Robert, ndipo yalipo Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, na kama mtu ana nafasi ya kulipia kiingilio kimoja tu katika jiji hili, akilipie hapa. Viingilio vya Watanzania viko chini sana kuliko vya wageni, kwa hiyo mwenyeji hana kisingizio cha gharama. Jengo la zamani, lenye mapambo ya Kiarabu, lilifunguliwa mwaka 1940 likiwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na nyuma yake limeongezwa jengo jipya kubwa lenye kumbi za maonyesho na ukumbi wa michezo ya jukwaani.

Makumbusho haya ndiyo yanayotunza fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliligundua katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amelala kambini akiumwa. Fuvu hilo lina umri wa miaka milioni 1.75, umri uliopatikana kwa kupima potasiamu na agoni katika majivu ya volkano yaliyolizunguka, na kupimwa kwake kuliwashangaza wataalamu waliodhani binadamu na jamaa zake ni wapya zaidi duniani. Mtazamaji asiishie kulitazama kwa ujumla wake; aangalie magego yake makubwa ajabu na ule ukingo wa mfupa uliopita juu ya kichwa, ambao misuli ya taya ilijishikiza kwao, ndipo ataelewa kwamba kiumbe huyu aliishi kwa kutafuna vyakula vigumu, na kwamba yeye si babu yetu wa moja kwa moja bali ni tawi la ukoo lililokatika. Katika eneo hilo la asili ya mwanadamu zinaelezwa pia nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa miaka ya 1970, za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita juu ya majivu mabichi ya volkano. Nchi chache sana duniani zinaweza kuonyesha vitu hivyo viwili kama urithi wa ardhi yao zenyewe.

Sehemu ya pili inayonivutia ni vitu vya Kilwa: vigae vya kaure kutoka China, shanga na sarafu zilizofuliwa na masultani wa Kilwa wenyewe. Ibn Battuta aliitembelea Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule, na uchimbaji uliofanywa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulitoa ushahidi wa mkono wa yale yaliyokuwa yakisomwa tu katika maandishi. Mtoto wa pwani anayesikia mara kwa mara kwamba ustaarabu uliletwa kwa meli na wageni wa juzi anapaswa kusimama mbele ya sarafu hizo, kwa sababu fedha hufuliwa na mji wenye serikali, soko na heshima mbele ya wafanyabiashara wa mbali. Baada ya hapo yanafuata maonyesho ya enzi ya ukoloni, Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na harakati za Uhuru, pamoja na magari ya zamani ya viongozi wa nchi, ambayo watoto huyapenda kuliko kitu kingine chochote. Bustanini upo ukumbusho wa waliouawa katika shambulio la bomu la Ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Mtu atenge saa mbili au tatu kwa makumbusho haya, aende asubuhi au mara baada ya chakula cha mchana, na kama yupo mwongozaji wa makumbusho mwenyewe, amwombe afuatane naye, kwa kuwa maelezo ya mdomo ya watumishi hawa yana kina ambacho kibao cha ukutani hakiwezi kukibeba. Kwa upande wa waongozaji wanaojitokeza barabarani niseme wazi kwamba ubora wao hautabiriki. Mmoja aliwaeleza wageni niliokuwa nao kwamba Askari wa Samora ni shujaa wa Maji Maji. Ni vyema kumuuliza mtu maswali mawili matatu kabla ya kukubaliana bei.

Mwenye nguvu bado anaweza kushuka hadi barabara ya ufukweni, ambayo sasa inaitwa Barabara ya Barack Obama, kuitazama Hospitali ya Ocean Road ya tangu mwaka 1897, yenye kuba zake mbili nyeupe. Robert Koch, mwanasayansi aliyegundua vimelea vya kifua kikuu, alifanya utafiti katika mji huu nyakati hizo. Leo hapo ni taasisi ya matibabu ya saratani yenye wagonjwa, kwa hiyo itazamwe kwa mbali.

Mchana unapopungua makali, urudi magharibi upite mitaa ya Uhindini: Kisutu, Jamhuri, Indira Gandhi na Mosque. Sijui kwa nini vitabu vya utalii huipita mitaa hii kwa sentensi moja. Tazama juu ya usawa wa maduka utaona roshani za chuma, nakshi za saruji na miaka ya ujenzi iliyoandikwa kwenye vilele vya nyumba, mingi ikiwa ya kati ya vita mbili za dunia, wakati wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kachchh walipojenga duka chini na makazi juu. Mahekalu ya Kihindu ya Kisutu, misikiti ya madhehebu mbalimbali na jamatkhana ya Waismailia yenye mnara wa saa yamo ndani ya mwendo wa dakika chache. Nyumba nyingi za aina hii zimevunjwa kupisha maghorofa, na kila mwaka unaopita eneo linapungua. Anayetaka kuliona asingoje. Hapa pia ndipo pa kula. Urojo wenye bhajia, kachori na chatne, miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, mishkaki ya jioni inayochomwa nje ya milango, na kahawa chungu kwa kashata: hakuna kati ya hivyo kinachohitaji mtu awe na fedha nyingi, na kwa ladha ninaviweka juu ya meza za hoteli kubwa za ufukweni.

Kariakoo ndiyo mwisho wa matembezi haya, na ina uhusiano na yule Askari wa Samora, maana kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza iliwekwa hapa wakati wa Vita Kuu. Jengo la soko kuu lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza wa Kiafrika katika Afrika Mashariki, na lilijengwa katika miaka ya 1970. Mapaa yake yana umbo la miavuli iliyopinduliwa, yaliyosanifiwa ili kuruhusu hewa kupita na kukusanya maji ya mvua. Moto wa Julai 2021 uliliharibu vibaya, na kazi kubwa imefanywa kulirejesha na kuliongezea jengo jipya. Nje ya soko, mitaa ya Kongo, Msimbazi na Uhuru ina kila kitu, na kwa kanga na vitenge Mtaa wa Uhuru unatosha kumshughulisha mtu hadi jioni. Msongamano ni mkubwa, simu na fedha ziwekwe mahali ambapo mkono mwingine haufiki, na begi libebwe mbele. Mtu asiyezoea aende na mwenyeji. Hilo litamlinda, na pia litampunguzia bei.

Vivutio vilivyo nje ya katikati ninavipa nafasi ya siku ya pili. Cha kwanza kwa uzito ni Kijiji cha Makumbusho, kilichopo Barabara ya Bagamoyo, umbali wa kilomita kama kumi kutoka Posta, na daladala za kwenda huko hazikosekani. Kilianzishwa mwaka 1966 ili kuhifadhi ujenzi wa nyumba za makabila ya Tanzania kwa ukubwa wake halisi. Mtu asiye na subira ataona vibanda vya nyasi na udongo tu, lakini mwenye kuuliza atajifunza kwamba kila nyumba ni jibu la mazingira yake. Tembe la Wagogo lina paa bapa la udongo kwa sababu Dodoma ina mvua chache, upepo mkali na nyasi ndefu za kuezekea ni adimu, na umbo lake huzunguka ua wa kulinda ng'ombe usiku. Msonge wa Wahaya umefunikwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi ardhini, kwani Kagera ni nchi ya mvua nyingi na maji yanatakiwa yateleze mbali na ukuta. Nyumba ya Wachagga inaweka binadamu na mifugo chini ya paa moja, jambo lenye maana kamili kwenye baridi ya miteremko ya Kilimanjaro na mahali ambapo mbolea inahitajika mgombani. Wakati wa alasiri hupigwa ngoma za makabila mbalimbali. Ni vizuri kuulizia ratiba kabla ya kwenda, maana kuifika siku yenye ngoma kunaibadilisha ziara nzima. Kwa familia zenye watoto, hiki nakiweka sawa na Makumbusho ya Taifa.

Kutoka hapo hadi soko la vinyago la Mwenge ni karibu. Wachongaji hufanya kazi mbele ya macho ya wanunuzi, na mitindo ya Wamakonde iko wazi kuitofautisha: ile ya watu waliobebana kwa msongamano kama nguzo moja, na ile ya mashetani yenye maumbo yaliyopinda. Mnunuzi ajihadhari na miti laini iliyopakwa rangi ya viatu; mpingo halisi ni mzito, huzama majini, na mara nyingi sehemu yake ya nje yenye rangi nyeupe huachwa ionekane. Kwa michoro, kituo cha ushirika wa Tingatinga kilichopo Oysterbay ndicho chenye mizizi ya kweli, kwa kuwa Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora na kuuza kazi zake eneo hilo hilo mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, kabla hajafariki mwaka 1972. Huko utamkuta mchoraji mwenyewe ameketi na brashi, na bei unazungumza naye bila mtu wa kati.

Fukwe za jiji sitazieleza sana. Coco Beach ni nzuri jioni ya Jumapili kwa mihogo ya kukaanga na kuwatazama watu, wala si mahali pa kuogelea kwa raha. Anayetaka maji safi aende visiwani Mbudya au Bongoyo, ambavyo pamoja na vingine vya jirani vimo katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1975. Boti za Mbudya huondokea Kunduchi na mwendo wake ni mfupi; za Bongoyo huondokea Msasani. Kisiwani kuna mchanga mweupe, mibuyu, vibanda vya makuti vya kukodi na samaki wa kuchoma kwa chipsi. Wapenzi wa historia wasiache kupitia magofu ya Kunduchi kabla au baada ya safari hiyo, ambako kuna msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo yaliyopambwa zamani kwa sahani za kaure kutoka China, ndugu wa vile vigae vya Kilwa vilivyoko makumbusho. Waende wawili au zaidi, kwa kuwa mahali penyewe ni pa upweke.

Kwa majira, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo inayofaa zaidi kwa matembezi ya miguu, kwani joto hupungua na hewa hukauka kidogo. Machi hadi Mei ni masika. Mitaa ya katikati hujaa maji kwa haraka na bahari huchafuka. Safari ya kisiwani iulizwe hali ya upepo asubuhi ile ile, maboya ya kujiokolea yahakikishwe kabla ya kupanda, na saa ya kurudi ikubaliwe na mwenye boti kwa maneno yaliyo wazi kabla hajang'oa nanga.